Nukta ya Faidha Mlimani Mtandi

Kijiwe cha Mkomaindo kina benchi moja, na benchi hilo halijawahi kukosa mtu wa kubisha. Asubuhi hii kahawa ya Mama Ziada ilikuwa inapoa vikombeni, jambo ambalo si la kawaida hata kidogo, maana wote walikuwa wameinamia simu iliyokuwa mkononi mwa Husseni. Si simu yake, ni ya binti yake Faidha, fundi redio mwenye kichwa kigumu cha kurithi. Alfajiri Faidha alikwenda kupanda mlima Mtandi, huo unaoonekana kutoka kijiweni, redio yake begani, ili akae kileleni azungumze na watu wa mbali wenye redio kama hiyo. Redio ile hutuma yenyewe habari ya mahali ilipo, na mwenyewe akitaka hutuma hata maneno mafupi; kwenye ramani ya simu inaonekana nukta nyekundu. Nukta ilipanda vizuri. Sasa imesimama, haitikisiki, na ramani haionyeshi kama hapo ni kileleni.

— Imekwama, alisema Faridi, fundi baiskeli aliyejipachika mwenyewe jina la Injinia.

— Amekaa tu, alijibu Bonifasi wa Newala, anayeitwa Mnada kwa sababu kila hoja yake inaishia kwenye mnada wa korosho. Hata mimi nikipalilia mikorosho yangu, nafika mahali nakaa.

— Muda wote huu? Injinia aliuliza. Basi ni nyuki. Pale juu kuna nyuki wakali.

— Nyuki wangemkimbiza, na nukta ingekimbia. Mimi naona nyani kampokonya redio. Huyo mnayemtazama hapo, jamani, ni nyani.

— Baba Faidha, mpigie simu basi, alisema Mama Ziada.

— Simu yake si hii hapa? Kaniachia mimi.

Husseni alisema hivyo kwa sauti ndogo. Hakuwaambia ilivyokuwa. Jana alimgombeza binti yake mpaka majirani wakasikia: mtoto wa kike hapandi majabali kwenda kuongea na wanaume asiowajua. Alfajiri Faidha alipiga magoti akamwamkia, shikamoo baba, naye akageukia ukutani asiitikie. Alipogeuka, mtoto hayupo. Simu ilikuwa juu ya kiti chake, ramani iko wazi. Tangu hapo moyo wake haujatulia.

— Mnakosea wote, Injinia alisema. Huyo kapata mchumba wa hewani. Wako kwenye mahari sasa hivi.

— Nnungu wangu! Mnada alimtaja Mungu kwa Kimakonde. Mahari ya hewani inalipwaje? Kwa korosho za hewani?

— Nyamazeni, alisema Mama Ziada. Hamumwoni mwenzenu?

Akainua sinia lake kukusanya vikombe. Jua likapiga kwenye bati, Injinia akaziba macho.

— Mama, unanipofua!

Hapo akafika Priska, muuguzi, ametoka zamu, anataka kikombe kimoja kabla ya kwenda kulala.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, waliitikia wote isipokuwa Husseni. Macho yake yalikuwa kwenye nukta.

Wakamweleza habari ya nukta, kila mmoja kwa namna yake, pamoja na nyani na mchumba. Priska alisikiliza huku anakunywa.

— Kwa hiyo nyinyi mnamwona.

— Tunamwona vizuri kabisa.

— Na yeye, anajua kama kuna mtu anamwangalia?

Husseni aliinua macho kutoka kwenye simu, akautazama mlima. Priska akarudisha kikombe, akaaga, akaenda zake.

Husseni alinyanyuka. Alimpa Injinia simu, akaondoa vikombe kwenye sinia kimoja kimoja.

— Husseni, sinia langu!

— Nalirudisha, Mama Ziada.

Akaenda nalo mahali peupe, kandokando ya barabara, akaligeuzageuza mpaka mwanga wake ukaangukia ukuta wa karibu, ajue unakoelekea, kisha akaliinua kuelekea Mtandi na kuanza kulipunga. Mwendesha bodaboda alimpigia honi akicheka. Mikono ilianza kumuuma, lakini hakuishusha.

— Imeandika! Injinia alipiga kelele. Baba Faidha, kuna maneno yametokea chini ya nukta!

— Soma.

— Anasema: “Nimefika salama. Kuna mwanga unanipungia kutoka kijiweni. Shikamoo, baba.”

Husseni alishusha sinia.

— Marahaba, alisema akiutazama mlima. Marahaba, mwanangu.

— Hakusikii, alisema Mnada. Kule ni mbali.

— Wewe nawe! Mama Ziada alimkemea.

Husseni akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Kisha akaliinua sinia tena, na safari hii alilipunga polepole, ili aitikie sawasawa.