Mama Beti na Umbea wa Kale

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha fasihi shuleni kwetu, Mama Beti anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, maana hakuna aliyepita mikononi mwake asitoke na beti kadhaa za tenzi za kale kichwani. Wengine tulitoka nazo bila hata kuwa wanafunzi wake. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, ukuta ni mwembamba, na si mara moja nimeziacha hesabu zangu za sehemu ubaoni nikitega sikio nijue mama wa mfalme atafanyaje.

Kuna mwaka aliletewa binti tuliyemwita Kasuku. Mdomo ulikuwa mwepesi, ila kusoma kulimshinda. Herufi zilimtoroka, alianza mstari huu akamalizia wa chini yake. Na kitabu cha mtihani kilikuwa utenzi wa zamani, wa Kiswahili ambacho hata sisi walimu tulikisoma kwa kunyatia. Mwalimu mkuu akaamua: muhula ukiisha, Kasuku arudishwe darasa la chini. Shangazi aliyemlea naye akaapa kwamba akirudishwa, shule basi, akauze dukani.

Mama Beti hakubishana na mtu. Alitoboa kidirisha kwenye kipande cha boksi, mstari mmoja uonekane na mingine ijifiche. Kisha akamsimulia Kasuku utenzi ule kama umbea wa bombani: shoga, umeyasikia ya yule mkubwa? Kamfungia mdogo wake ghalani, mama yao anaambiwa kafia safarini. Utamu ukikolea, alibeba kikapu chake akaondoka, akisema mengine yamo kitabuni. Kasuku hakuwa mtu wa kulala na umbea nusu. Alisota na kidirisha chake, neno kwa neno, mpaka ajue.

Shida ya umbea ni kwamba hautulii. Kasuku alimnong'oneza mpishi wa shule, akasahau kusema kwamba ni habari za kitabuni. Mpishi akajumlisha, vizuri kuliko wanafunzi wangu: mtunza stoo ana mdogo wake, na mdogo huyo yuko safarini tangu mwezi uliopita. Mchana tulimkuta mlangoni mwa stoo, mwiko mkononi, akimsihi mwenzake afungue kwa hiari, kwani mama yao analia. Mtunza stoo, tonge mkononi, alijibu kwamba mama yao yuko kwa dada yake, amenenepa, na halii chochote.

Mwalimu mkuu akaita kikao. Chanzo kilijulikana upesi. Kasuku akaeleza kisa chote tangu mwanzo, na maneno ya kale akayachambua kama anayewasengenya majirani. Mwalimu mkuu alimsikiliza, kisha akampa kitabu asome. Hapo wote tuliinamisha vichwa. Kasuku akatoa kidirisha mfukoni. Ubeti mmoja ulikwenda mpaka chai zetu zikapoa. Alikosea, akarudi, akakosea tena, na Mama Beti akatazama sakafu bila kumdokeza hata silabi. Alipoufikisha mwisho, mwalimu mkuu akasema binti abaki darasani kwake, na mpishi akamwombe radhi mwenzake.

Mtihani Kasuku aliupita chupuchupu. Leo ana saluni yake, na kitabu hakimtoki mkononi. Kila akimaliza kimoja humpigia simu mwalimu wake kulalamikia mwisho.

Mama Beti anatuachia pia maktaba aliyoianzisha kwa rafu moja iliyopinda, na walimu wawili wa fasihi aliowafundisha yeye mwenyewe. Mimi ananiachia ukuta ulio kimya. Sasa sina kisingizio, itabidi nifundishe sehemu.

Mwalimu wetu, ahsante. Tunakutakia siku za raha na magoti yasiyonung'unika. Macho yakichoka, Kasuku amekwisha kutuambia kwamba zamu ni yake, atakuja kukusomea. Atasoma polepole. Nawe sasa muda unao.