Ufunguo wa Ukumbi

Mama mshonaji alikuwa akisinzia kwenye basi, maneno ya kiti cha mbele yakamzindua.

“Ukumbi mpya wa mji una kufuli wiki ya tatu sasa, mzee wangu,” fundi bomba alilalamika. “Si walivunje?”

“Taratibu, mwanangu,” alijibu karani mstaafu. “Mali ya umma haivunjwi hivi hivi. Lazima kamati ikutane kwanza.”

“Na kamati hukutania wapi?”

Mzee akakohoa. “Ukumbini.”

Basi zima likaangua kicheko, isipokuwa mama mshonaji. Ndiye aliyetundika mapazia ya ukumbi huo, akafunga mlango vizuri kabisa. Akapapasa mkoba wake. Chini ya mkasi na nyuzi, ufunguo ulikuwa umetulia tuli.

Basi liliposimama ukumbini, wale wawili walishuka wakibishana. Mama mshonaji, ambaye safari yake ilikuwa ya hapo hapo, akamwambia kondakta, “Mimi nipeleke mbele kidogo, baba.”