Kikombe cha Uji kwa Wifi Skola

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, asifiwe hata na wenye magoti yanayotetemeka kama haya yangu! Mimi ni Mama Neema, wa hapa hapa Mabamba, mjane wa Yosia. Ni mwoga tangu utoto. Naogopa radi, naogopa mto ukijaa, lakini niliyemwogopa kuliko vyote hivyo ni wifi yangu Skola, dada wa marehemu. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu.

Yosia alifariki mwaka 2013. Jioni alikula maharage niliyompikia, asubuhi tumbo likamshika, tukamkimbiza Kibondo mjini kwa pikipiki. Daktari alisema utumbo umejisokota na tumechelewa. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado na majembe mikononi, Skola alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake sikioni. Akasema, "Nakujua wewe. Hutamaliza mwaka." Kisha akaenda kuketi na wafiwa wengine.

Ndugu zangu, hofu iliniingia pale pale kaburini. Skola alikuwa anasemwa sana kwamba ana sumu. Ninyi wenyewe mlikuwa mnasema, msiinamishe vichwa sasa. Mnajua desturi yetu: anayekukaribisha togwa au uji huonja kwanza mbele yako, ili unywe kwa amani. Lakini Skola, watu walisema, hata akionja haifai kitu, sumu yake iko chini ya ukucha, anaichovya akikukabidhi kikombe. Mimi niliyaamini yote.

Basi nikaanza kuishi kama mfungwa. Unga na maharage niliviweka ndani ya sanduku la nguo na kufuli juu yake. Ndoo ya maji ililala chumbani kwangu, imefunikwa na kufungwa kwa kamba. Mwanangu Neema nilimkataza asipokee hata ndizi mbivu kutoka kwa shangazi yake. Siku moja nikamkuta anatafuna muhogo, nikamuuliza kaupata wapi, akasema kapewa na shangazi. Nilimtia vidole kooni mpaka akatapika. Mtoto analia, nami nalia. Nikakaa naye mlangoni nikimtazama macho mpaka jua likazama, wala hakuugua. Ila tangu siku hiyo nikimwita alikuwa anakuja kwa kusitasita, kana kwamba mwenye sumu ni mimi.

Kanisani nilikuwa nakuja, nao wimbo naimba. Lakini katika ile sala ya Bwana, mkifika pa kuwasamehe waliotukosea, nilikuwa nafumba mdomo. Nawaacha mpite, halafu nadakia mbele.

Mwaka huu, wakati malori yalipoanza kupeleka wageni kutoka Burundi kule kambini Nduta, Skola aliugua homa. Moshi haukuonekana tena jikoni kwake. Hakuna aliyekwenda, maana nani aingie kwa mtu anayesemwa vile? Na mimi nilifurahi, nasema kweli mbele za Mungu. Nikajua sasa napiganiwa. Jumapili iliyofuata tukasali, tukafika mahali pangu pa kunyamaza, nikasikia moyoni swali hili: unataka nimwondoe Skola, au nikuondolee hofu? Nikajibu, hofu, Bwana. Nilipotoka ibadani hofu ilikuwa bado ipo, tena imeongezeka. Nikakoroga uji hivyo hivyo, mwiko unagonga sufuria kwa kutetemeka.

Nilimkuta kwenye mkeka, midomo imepasuka. Nikamsalimia, "Mwakeye, wifi. Nimekuletea uji."

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akajivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Onja kwanza," akasema.

"Ati nini?"

"Onja, Mama Neema. Kaka yangu ulimpa maharage, kesho yake akafa. Nilikwambia siku ile kwamba nakujua. Ulifikiri nacheza?"

Nikaangalia kando ya mkeka wake. Kulikuwa na ndoo ya maji, imefunikwa, imefungwa kwa kamba, kama yangu.

Ndugu zangu, hasira ilinipanda! Mimi nimuue Yosia? Nilitaka kuumwaga uji ule nirudi kwangu. Lakini niliiona mikono yake inavyotetemeka, na mtetemeko ule niliufahamu vizuri sana. Miaka yote ile tulikuwa tunaogopana, kila mmoja amejifungia kwake na maji yake. Nikanywa. Nikanywa tena, taratibu, ili aone koo linameza.

"Sikumuua, wifi. Nilimpenda."

"Tutaona kesho," akasema, akapokea kikombe.

Kesho yake nikarudi na uji mwingine. Aliponiona mlangoni akaguna, "Kumbe mzima." Hiyo ndiyo asante niliyopata. Nikaendelea kwenda mpaka akaweza kusimama na kuchota maji mwenyewe.

Sasa sikieni. Alipopona alikuja kwangu na bakuli la ndizi na maharage. Akaliweka mbele yangu, akanyoosha mkono ili aonje. Nikaushika mkono ule, na ukucha wake nikauona. Nikasema, "Usionje, wifi." Nikala. Nisiwadanganye, nilitafuna huku nawaza Neema atabaki na nani. Kisha nikafanya lililo gumu kuliko hilo. Nikamwita Neema, nikamwambia, "Njoo ule chakula cha shangazi." Mtoto alinitazama kwanza mimi, akiogopa vidole vyangu. Nikamwitikia kwa kichwa, akala. Skola alijifunika uso kwa kanga akalia, na mimi nikalia, na tulikuwa hatujawahi kumlilia Yosia pamoja.

Msidhani amegeuka malaika. Mpaka leo hajaniomba msamaha kwa lile neno la makaburini. Juzi kisimani amenitangaza mbele za watu kwamba maharage yangu hayaivi. Nampenda na mdomo wake huo huo. Sanduku la nguo sasa lina nguo, na sala naisema yote bila kuruka.

Namshukuru Yesu, maana kwa uwezo wangu nisingeivuka ile migomba. Nawe mwenye mtu wako unayemwogopa, usingoje ujasiri. Mwamini Bwana, nenda naye ukitetemeka, atakushika mkono njiani.

Skola yupo pale benchi la nyuma, amekaa peke yake kama mnavyomwona, na lile sufuria karibu na mlango ni lake. Amepika ndizi tangu alfajiri kwa ajili yetu sote. Tukimaliza ibada tutakula, mimi nitatangulia. Nawasihi, ndugu zangu, asiwepo mtu wa kumwambia aonje kwanza.