Dirisha Lililooshwa Siku Kamati Ilipokuja

Mheshimiwa Meya, na Bwana Horymír Vaněček uliye Mwenyekiti wa Kamati ya Elimu ya Mkoa, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi, na wewe Bi Drahomíra Skálová, unayestaafu leo na uliyekaa mstari wa mbele kama mtu anayesubiri kung'olewa jino: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa kusema machache, na aliyeniomba ni dhahiri hanijui. Mimi hufundisha kupiga picha za watu, za vitambulisho na za harusi. Miaka yote hii chumba changu kimepakana na cha Bi Drahomíra. Upande wangu, bibi harusi analia kwamba nimemfanya afanane na maiti. Upande wake, amepiga picha ya yai, na yai linaonekana linapumua. Hebu niambieni, ndugu zangu, ningeachaje kuona wivu?

Wenzetu wengine wamejaliwa bahari. Sisi Wacheki tulijaliwa ukingo wa dirisha, glasi ya maji, kipande cha mkate, na majira marefu ya baridi ya kuvitazama. Basi tukavitazama hasa! Tukavitazama mpaka vitu ambavyo kwingine huondolewa mezani bila kufikiriwa, kwetu vikawa shairi lisilopiga kelele. Hilo ni letu, nalionea fahari, na hapa mkoani Vysočina aliyelishika mkononi ni mama huyu.

Sasa, wengi wenu mnajua kwamba mwezi Machi darasa lake la picha za vitu lilikuwa linakata roho. Kamati ya mkoa ilikuwa inakuja kuona wanafunzi wakifanya kazi, kisha iamue: libaki, au life siku anayostaafu yeye. Bi Drahomíra alipanga meza: glasi, yai, nusu mkate. Dirisha lake mnalifahamu. Lilikuwa na ukungu wa vumbi na chokaa wa tangu enzi za babu zetu, na mwanga ukipita pale ulikuwa unatua mezani kwa adabu. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Lakini ilikuwa wiki ya kuelekea Pasaka. Nani kati yetu, aliyelelewa na mama, anaweza kulala usingizi Pasaka ikiwa mlangoni na madirisha hayajaoshwa? Bi Růžena, msafishaji na mpishi wetu, huyu hapa, usijifiche nyuma ya keki, mama, alikuwa akiomba ruhusa kila mwaka na kila mwaka akikataliwa. Asubuhi ile ya ukaguzi uvumilivu ulimwishia.

Nilisikia ukelele, nikakimbia. Kioo kinameta kama cha duka la vito. Ukuta mweupe wa kituo cha zimamoto, huko mkabala, unarusha jua lote ndani, na yai letu limekuwa kama taa ya gari.

"Růžena," Bi Drahomíra akasema taratibu, "umefanya nini?"

"Nimeosha dirisha, Mwalimu. Wageni wa mkoa waje waone uchafu ule? Si watasema shule hii haina mwanamke!"

"Lile halikuwa dirisha, mwenzangu. Lile lilikuwa nusu ya kamera yangu."

Bi Růžena akaanza kulia. Mimi, kwa busara yangu ya kawaida, nikapendekeza tutundike shuka. Bi Drahomíra alikuwa anakitazama kioo, na nje theluji ingali chini.

"Růžena, leo umepika nini?"

"Supu ya viazi na uyoga. Jamani, utakula saa hizi?"

"Ilete. Na jiko lake ulete."

Sufuria ikawekwa chini ya dirisha, ikatokota. Mvuke ukapanda, ukakutana na kioo cha baridi, na polepole dirisha likaingia ukungu. Mwanga ukalainika. Tone moja likateremka juu ya kioo, na mwanafunzi aliyekuwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera akanong'ona, "Mtu asipumue."

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoingia na kamati yake. "Huu ni ukaguzi wa picha au wa mapishi?"

"Vua viatu kwanza, mheshimiwa," Bi Drahomíra akajibu bila kugeuka, "kisha ndara zile pale, kisha uulize."

Akavua. Kidole gumba chake cha mguu, naomba radhi Bwana Vaněček, kilikuwa kimetoboa soksi na kinatusalimu sote. Baada ya hapo ukali ulikuwa mgumu kuupata. Kamati ikanywa supu, ikisubiri picha isafishwe. Picha ilipotoka majini, Mwenyekiti aliishika muda mrefu. Akasema, "Dirisha la jikoni kwa marehemu mama yangu lilikuwa hivi." Kisha akakumbuka cheo chake: "Darasa litabaki, akipatikana wa kulifundisha."

Sharti hilo ndilo lililomkosesha Bi Drahomíra raha masika yote. Mimi aliniangalia mara moja tu, akahurumia mayai. Akampigia simu Zdislava Kosková, mwanafunzi wake wa zamani, anayepiga picha za matangazo kule mjini Brno, akamweleza yote.

"Mwalimu," Zdislava akamjibu, "mimi huku nashinda nikipaka soseji mafuta ili zing'ae. Ungechelewa kidogo tu, ningekupigia mimi."

Mabibi na mabwana, Zdislava amesaini mkataba jana. Simama, binti, wakuone. Orodha ya wanafunzi wapya imejaa, na wawili wametoka darasani kwangu, wasaliti wale.

Bi Drahomíra, uliogopa kwamba kazi hii itaondoka nawe. Haiondoki. Septemba, mwanga ukifika pale mezani, utakuta watu wameshakaa, wanautazama. Unaondoka peke yako, mwalimu wetu, na hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote tunazoweza kukupa.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni sana.