Kilichompofusha Katibu

Mwaka tisini na saba kijiwe chetu kilikuwa nyuma ya soko la Kasulu: benchi moja, birika la kahawa la mzee Makarius, na paka wake dume aliyeitwa Katibu kwa kuwa hakukosa kikao. Usiku Katibu alilinda magunia ya maharage ya mzee, na panya walimheshimu.

Siku moja mfupa wa samaki, mgebuka, ukamkwama kwenye kaakaa. Mimi nilikuwa hospitali ya Kabanga kumwuguza shangazi, haya nilisimuliwa. Longinus, fundi baiskeli tuliyemwita Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua, alishika uongozi. Alimtanua Katibu kinywa hadi mwisho, akasimamisha kijiti kati ya meno ya juu na ya chini. Reverien, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila aliyekuwa akituuzia sabuni, alishika miguu. Mfupa ukatoka, wote wakauinamia kuutazama.

Kesho yake Katibu aligonga jiko, akagonga benchi, akakaa katikati ya njia analia. Mboni zilikuwa zimetanuka kama vifungo vya koti, na hazikuona kitu.

Nilirudi nikakuta mjadala umepamba moto. Profesa alieleza kwamba uso wa paka una mshipa mmoja tu wa damu, unaoanzia kwenye sharubu na kuishia machoni, na kwamba mfupa ulikuwa umeuziba vizuri kama kizibo. Ulipotolewa, damu ya macho ikashukia sharubuni. Hamis Redio, fundi cherehani, akasema hapana, mwanga uliingia kwa mdomo ukayapausha macho kwa ndani. Ndiyo maana, alisema, wazee hupiga miayo wakiwa wamefumba macho.

Tungecheka hadi jioni, ila Hamis akaongeza jingine: kuna watu huchukua nuru ya macho ya paka kwa dawa za uganga, na mgeni pale alikuwa mmoja.

— Miye nilimushika miguu tu, muzee, Reverien alisema taratibu.

Mzee Makarius alijaza vikombe vya wote, cha Reverien akakiruka. Reverien akaanza kufunga sabuni zake.

Hapo ndipo Elisante, bwana mifugo mpya kutoka Moshi, aliposimamisha pikipiki akitaka kahawa. Alisikia habari, akampakata Katibu, akammulika macho kwa tochi. Kisha akapapasa nyuma ya taya.

— Mshipa mkubwa unaolisha macho na ubongo wa paka unapita hapa, alisema. Binadamu ana njia nyingine kubwa ya damu, paka hana. Ukimtanua kinywa kupita kiasi, taya linaukaba mshipa. Macho huweza kurudi, na huweza yasirudi.

Profesa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyasema hayo tangu asubuhi.

— Sasa, mfupa ulipotoka, Elisante aliuliza, na kijiti mlikitoa hapo hapo?

Hamis alikodolea macho kikombe chake. Profesa akakumbuka kwamba kuna baiskeli inamsubiri, lakini hakuinuka.

Mzee Makarius aliinua birika, akalitikisa. Akammiminia Reverien yote iliyobaki, hadi mashapo, akamsogezea na kashata. Kisha akatutangazia kwamba kahawa imekwisha.

Baada ya wiki kadhaa Katibu alianza kukwepa miguu ya watu. Ya Profesa aliikwepa kutoka mbali.