Mkono Ulionyooshwa na Mkono Ulioinuliwa: Mwalimu Elijah Kathuri Anastaafu

Tarehe 31 Julai 1981, Mwalimu Elijah Kathuri atafunga kabati lake la chaki na kukiaga chuo chetu cha ualimu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi: minne mahakamani, iliyobaki darasani. Wanaomfahamu wanajua kwamba hatalia. Tutakaolia ni sisi, na tuna sababu.

Kuna watu, na wengine wanakunywa chai pamoja nasi katika chumba cha walimu, wanaosema kuwa kutofautisha “see” na “look” za Kiingereza ni kujipendekeza kwa mkoloni aliyekwisha kwenda zake. Tunawaambia waziwazi: hamjui msemalo. “See” humjia mtu akiwa na macho tu. “Look” ni lazima aamue. Asiyeweza kupima maneno ya anayemtawala atamjibu kwa kitu gani? Mwalimu Kathuri hakufundisha tofauti hizo ili mtu apigiwe makofi harusini.

Alifundisha kwa mwili mzima. Hakuna mwanafunzi wake aliyeandika maana ya neno kabla ya kuliigiza. “Bring” ilikuwa kutembea kuiendea meza ya mwalimu. “Take” ilikuwa kuipa meza hiyo mgongo. Alipokuwa akifundisha Meru mjini, somo la “borrow” na “lend” lilifanyika dukani kwa Hared, muuza nafaka, ambaye aliufurahia mchezo huo kuliko wanafunzi. Aliyekuja kuomba mizani kwa neno lisilofaa alirudi mikono mitupu, na Hared akimfuata hadi mlangoni, barabara nzima isikie: “Mwalimu, huyu wako anataka kunikopesha mizani yangu mwenyewe! Nimshukuru?”

Mtindo huo aliupata mahali pasipo na kicheko. Kathuri ni mzaliwa wa Ruiri na lugha yake ni Kimeru. Serikali ilimwajiri kuwa mkalimani mwaka 1950, na Hali ya Hatari ilipotangazwa akapelekwa Embu kutafsiri maneno ya Waembu na Wambeere. Kimeru na Kimbeere ni ndugu, lakini ndugu wanaofanana ndio humchanganya mgeni. Badala ya kubahatisha, Kathuri alimwambia shahidi: nionyeshe.

Mwaka 1954 alipandishwa kizimbani Teresia Ciarunji, mkulima wa mtama kutoka nyanda kavu za Mbeere, akishtakiwa kuwapa wapiganaji wa msituni chakula. Kosa hilo lingemfunga miaka mingi, na wanawe wangebaki peke yao katika kijiji kilichozungushiwa seng’enge. Homugadi waliomkamata, askari wenyeji wa serikali ya mkoloni, walidai alikwisha kukiri kwamba aliwapa. Hakimu alitaka ndiyo au la, maana kesi zilikuwa zimepanga foleni. Kathuri akamwomba mama aonyeshe.

Teresia alitoka kizimbani, akatua kiondo chake sakafuni, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, akainua mikono yote miwili na kugeuza uso. Kathuri akaieleza mahakama kwamba “give” hufanywa na mkono ulionyooshwa. Mkono ulioinuliwa una neno lake, nalo ni “surrender”, kutoa kwa kushurutishwa. Akaomba liandikwe hilo la pili. Hakimu alifoka kwamba mkalimani huajiriwa kutafsiri, si kuchezesha washtakiwa ngoma. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuona, na alichokiona hakikufutika. Teresia aliachiliwa. Kathuri alifukuzwa kazi papo hapo.

Nje, Teresia hakupoteza muda kwa shukrani. “Wewe kijana wa Kimeru,” alisema, “umenichezesha mbele ya wanaume wote hawa, na mimi sijala tangu jana!” Kathuri akacheka, akampeleka kibandani, akamnunulia chai na mandazi.

Walipokuwa wakinywa chai hiyo, kesi iliyofuata ilikuwa ikisikilizwa. Njuki, mchunga mbuzi, alikamatwa na risasi moja. Watu wa kwao walisema kwamba aliiokota njiani na alikuwa akiipeleka kwa chifu. Kati ya “find”, kuokota, na “keep”, kujiwekea, mwaka ule, palining’inia kitanzi. Mkalimani aliyeitwa haraka kukalia kiti cha Kathuri hakumtaka Njuki aonyeshe chochote. Alikuwa ameona yaliyompata mwenzake. Njuki alinyongwa.

Basi wanaomwita Kathuri kibaraka kwa kuwa alikula mshahara wa mahakama ya mkoloni, watuambie: saa ile ya Teresia wangetaka awe wapi? Na wanaomwita shujaa nao wakae chini, kwa sababu mwenyewe amekataa. Tumemshuhudia akimkatiza mgeni rasmi jukwaani: anayesimulia habari za Teresia asimulie na za Njuki, la sivyo anyamaze.

Siku ile alielewa kwamba mmoja hatoshi, kwa maana mmoja hutolewa nje na kazi ikaendelea bila yeye. Akageukia ualimu, akafundisha kama mtu anayeandaa jeshi. Leo wanafunzi wake wanafundisha kuanzia Maua hadi Siakago, na si wachache walio wakalimani. Mwezi uliopita mmoja wao, Ednah Mukami, alikataa kutafsiri jibu la shahidi katika mahakama moja ya huku kabla ya kulielewa sawasawa. Akatolewa nje. Aliyeitwa kukalia kiti chake alikuwa mwanafunzi wa Kathuri vilevile, naye akaanza palepale mwenzake alipokatizwa. Mahakama ikalazimika kusubiri.

Ahsante, Mwalimu. Nenda Ruiri ukalime viazi, ulale mchana, ugombane na majirani kwa lugha usiyohitaji kuitafsiri. Tunakuombea umri mrefu, afya na amani. Kiti chako kina mtu.