Verlan Tuttle na Jiwe Lenye Maji Ndani

Tunayemzika leo hapa Quartzsite, Arizona, ni kaka yangu Verlan Hobart Tuttle, aliyezaliwa Bisbee tarehe 9 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa mchimba shaba Amos Tuttle na mkewe Idella.

Alisoma Bisbee hadi darasa la nane, baba alipoumia mgodini. Mengine alijisomea katika vitabu vya madini vilivyotupwa na maktaba. Akimaliza kimoja, ananipa mimi.

Tarehe 12 Juni 1965 alimwoa Leota Marsh mjini Yuma. Mwaka uliofuata walihamia hapa, akawa mkata akiki, yale mawe ya rangi yanayotengenezwa vito. Wakati huo maonyesho ya mawe yanayofanyika hapa kila Januari yalikuwa meza chache na pikapu zilizofunguliwa nyuma. Muuzaji alikuwa amelichimba jiwe lake mwenyewe, na jioni alifunika meza kwa shuka akaenda zake bila kuweka mlinzi. Leo zinauzwa shanga za kiwandani na mawe yaliyotiwa rangi, na mtu asiyejua hata kulamba jiwe ili aione rangi yake anajiita mtaalamu wa vito. Verlan alilamba hadi mwisho. Mama mmoja kutoka Chicago alimwuliza, "Mzee, leo hukupewa kifungua kinywa?" Akamjibu, "Nilipewa, mama. Haya ni matunda ya baada ya chakula."

Mwaka 1978 Leota aliokota akiki kubwa kama kichwa cha mtoto. Ukiitikisa, unasikia maji ndani, maji ya kale yaliyofungiwa humo jiwe lilipokuwa likiumbika. Jiwe la namna hiyo ukilipasua, yanamwagika na hayarudi.

Asubuhi ya tarehe 21 Januari 1979, katikati ya maonyesho, Leota alichukua nyundo na chupa ya maji, akaelekea milima ya Plomosa.

"Usilipasue mpaka nirudi," alisema.

"Na wewe usichelewe, kahawa inapoa," Verlan akamjibu.

Tulimtafuta siku kumi na moja. Tulipata nyundo tu.

Tangu hapo jiwe lilikaa mezani kwa Verlan na kibao: HALIUZWI. Kila asubuhi alilitikisa karibu na sikio kwanza, ndipo akafunua meza. Nilimchoka, nikamwambia, "Kaka, hayo ni maji tu."

"Najua ni maji, Orrin. Alitoka na chupa moja."

Sikumtania tena.

Vumbi la mawe lilimla mapafu. Tangu mwaka 2016 alipumua kwa mtungi wa oksijeni. Wiki yake ya mwisho, binti yake Twyla aliniita pembeni. "Baba mdogo, tulipasue. Angalau baba aone kilichomo kabla hajaondoka." Msumeno ulikuwa tayari uani, na nakiri nilishaushika. Verlan alisikia kutoka kitandani.

"Mkilipasua, akirudi atakunywa nini?"

Nikauachia msumeno.

Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2019, saa sita mchana, jiwe likiwa kifuani pake. Nilipolinyanyua nililitikisa. Halikutoa sauti. Mimi na Twyla tulilitoa juani, tukatafuta ufa kwa kioo cha kukuzia. Hakuna. Vitabu vinasema maji huweza kupenya akiki na kutoka, polepole, kwa miaka mingi. Mimi nililisikia Ijumaa, kwa sikio langu hili.

Twyla hasemi tena tulipasue. Linashuka kaburini pamoja na kaka, zima.

Marehemu ameacha binti yake Twyla, wajukuu wawili, Dell na Corinne, na mimi mdogo wake. Aliagiza jina la mkewe liandikwe pia miongoni mwa walioachwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha kaburi lake. Nimeliandika: Leota.

Verlan na apumzike kwa amani. Na Leota, kama bado yuko njiani, ajue hatukulipasua.